Nilijificha nyuma ya madumu

Jumamosi, saa nne asubuhi, soko la Mwanga, Kigoma. Mkono mmoja nimeshika mfuko wa nyanya, mwingine dagaa wa shilingi 2,000, mara nikaona mtandio wa kijani unakuja kutokea upande wa barabara kubwa. Sikupata muda wa kufikiri. Miguu ndiyo iliyoamua. Ikakata kulia, ikapita katikati ya meza za ndala, nikajikuta nimechuchumaa nyuma ya madumu ya mawese yaliyopangwa kama ukuta, mkono ndani ya mkoba, najifanya natafuta funguo.

"Dada, nikupimie lita ngapi?" muuzaji akauliza.

Mawese! Soko zima lile, nikachagua kujificha nyuma ya mawese.

Mwenye mtandio wa kijani ndiye aliyenipa madumu 6 ya lita 20, mali kauli, niuze kwanza nilipe baadaye, miezi minane kabla ya Jumamosi hiyo. Kila dumu 60,000, jumla 360,000. Nitamwita Bibi wa Ujiji, maana hakuniruhusu kumwandika na sikumwomba. Ana miaka sabini na kitu. Mimi nina 38, watoto wawili, na kaduka ka vifaa vya shule ambako watoto wa mtaani wakija kununua kalamu huniita Madamu. Na Madamu huyo alikuwa amechuchumaa kwenye tope, masikio yanawaka, anasubiri mwanamke mzee apite.

Akapita.

Nikanunua nusu lita ya mawese ambayo sikuwa na haja nayo, kwa kumwonea aibu muuzaji.

## Mwisho wa reli

Kigoma haufai kwa mtu anayemkwepa mtu. Reli imeishia hapa tangu 1914, na baada ya reli ni maji. Ukishamkosea mtu wa Ujiji utakutana naye Mwanga, utakutana naye Kibirizi, na siku usiyoitaka mtakaa goti kwa goti kwenye daladala moja.

Kwa hiyo unajifunza. Mimi nilijifunza kwamba bibi huja sokoni Jumamosi, nikahamia Jumanne (siku ile nilijisahau). Nilijifunza kuiacha simu iite mpaka ikatike, kisha kuandika "nilikuwa na wateja bibi, nitapiga", nisipige. Idi ikapita sikwenda kumpa mkono. Halafu dada yake akafariki. Habari nilizipata jioni ileile. Nikatoa khanga kabatini, nikaitazama, nikaikunja, nikairudisha.

Sikwenda msibani.

Nikiiandika sentensi hiyo natamani kuifuta. Deni la mawese lilikuwa 360,000. La msiba halina tarakimu.

Habari ya mzigo wenyewe ni fupi. Niliusafirisha kwa treni kwenda Tabora, kwa mteja niliyesoma naye. Akapokea, akausifu, kisha akazima simu. Hivyo ndivyo nilivyomsimulia kila aliyeniuliza.

Usiku wa Jumamosi ile, nikishaoga tope langu, nilikaa kitandani nikatafuta picha ya huyo mteja. Nikaipata ya mahafali, amevaa joho, anacheka. Tulikuwa watano kwenye picha. Nikawakata wengine wote abaki peke yake. Nikaiweka status: TAPELI HUYU, MUEPUKENI. Nikaitupia na kwenye grupu la tuliosoma pamoja. Kabla ya saa sita watu 71 walikuwa wameshaiona. Wengine waliweka vikaragosi vya kucheka mpaka machozi. Mmoja akaongeza kwamba hata baba yake alikuwa hivyohivyo.

Nililala usingizi mtamu, wa kwanza kwa miezi mingi. Alfajiri nikakuta kwenye grupu yale maandishi madogo ya kijivu kwamba ametoka. Kumbe simu yake haikuwa imezimwa. Ilikuwa imenizimia mimi.

Ule usingizi ndio ulionisumbua wiki zote hizi, kuliko deni.

## Kuumbuka

Nikaanza kusoma. Dukani mchana jua likiwa kali na wateja hakuna, usiku watoto wakilala. Nilikuwa natafuta kitu kimoja tu: kwa nini mtu anayejiona ana kosa akimbie pale ambapo angetakiwa kulipa?

Mwanasaikolojia mmoja wa Marekani, Helen Block Lewis, alilishika swali linalokaribiana na hilo mwaka 1971. Alipitia maandishi ya vikao vya watu na wataalamu waliokuwa wakiwatibu nafsi, akatenganisha hisia mbili ambazo wengi tunazifunga kamba moja. Katika hatia, alisema, macho yako kwenye tendo: nilifanya nini, nilimfanyia nani. Katika aibu macho yanageuka na kumwangukia mtendaji mzima, na kwa kuwa huwezi kujilipa wewe mwenyewe wala kujirudisha kwa mwenyewe, unachotaka ni kutoweka.

Nilipofika hapo niliiweka simu kaunta, kwa sababu ya neno letu moja.

Kuumbuka.

Umba, umbua, umbuka. Ni njia ileile ya funga, fungua, funguka. Aliyeumbuka ni mtu aliyefumuliwa umbo alilopewa siku alipoumbwa. Tunalisema neno hili kila siku, tunalicheka, tunaliandika kwenye magazeti ya udaku, na ndani yake limekaa jambo ambalo wasomi walilifikia kwa kusoma mafungu ya makaratasi. Nyuma ya madumu yale sikuwa na deni kichwani. Sikumwaza bibi, wala hesabu, wala mawese yaliyokuwa yamenigusa bega. Nilikuwa kitu kisicho na umbo kinachoomba kisionekane.

Na mwili unaijua kazi hiyo bila kufundishwa. Watafiti Jessica Tracy na David Matsumoto walichambua picha za wacheza judo wa Olimpiki na Paralimpiki za Athens mwaka 2004. Walioshindwa, mabega yalianguka na kifua kikanywea. Hata waliozaliwa vipofu, ambao hawajawahi kumwona mtu yeyote akiona aibu, walinywea vilevile.

Nilifarijika. Kumbe miguu yangu haikuwa yangu peke yangu. Halafu nikakumbuka kwamba msiba haukuwa kazi ya miguu. Khanga ile niliikunja kwa mikono yangu, taratibu, pembe kwa pembe.

## Mdoli wa mguu mmoja

Kuna utafiti wa mwaka 1993 ambao nimeshawasimulia wateja watatu, na mmoja alikuja kununua daftari tu, maskini. Karen Barrett na wenzake waliwapa watoto wa miaka miwili hivi mdoli wa kuchezea, mmoja mmoja. Mdoli alikuwa ametegwa. Mtoto akibaki peke yake naye, mguu unachomoka. Mwenye mdoli anaporudi chumbani, kazi ni kumtazama mtoto.

Wako waliomkwepa. Hawamtazami usoni, wanasogea mbali naye, kimya. Wako waliomwendea, wakamwonyesha mguu, wakajaribu kuupachika. Kosa lilikuwa moja, umri uleule, mdoli uleule.

Nilimwonea wivu mtoto wa miaka miwili.

Lakini mtoto hana status. Hapo ndipo nilipokwama, kwa sababu mimi sikukimbia tu. Baada ya kukimbia nilishambulia. Huyohuyo Lewis alikuwa ameona katika maandishi yake kwamba aibu ambayo mtu hajaikiri mara nyingi hufuatwa na hasira. Aliyejisikia mdogo anatafuta wa kumfanya mdogo zaidi. Na June Tangney na wenzake, katika kazi waliyoitoa mwaka 2014, waliwafuatilia wafungwa wa jela moja ya Marekani mpaka mwaka mmoja baada ya kutoka. Wenye mwelekeo wa kusikia hatia kwa walichotenda walirudia uhalifu kwa uchache. Aibu ilikuwa na sura mbili. Aliyeona aibu akaishia kuwatupia wengine lawama, huyo alielekea kurudia. Aliyeona aibu bila kumsingizia mtu, aibu hiyo ilimzuia.

Nikaweka nyakati mbili pamoja. Asubuhi, madumu. Usiku uleule, picha ya joho. Saa kumi na nne hazikufika katikati yake. Miezi minane mteja yule alikuwa hanilipi na sikuwahi kumtangaza. Nilimtangaza siku niliyojiona mwenyewe nimechuchumaa.

## Ulisema, hukusema?

Nikiwa na miaka tisa hivi, Ujiji, niliona mtu akisutwa. Mwanamke wa nyumba ya tatu kutoka kwetu alikuwa amesema jambo kuhusu binti wa watu. Wakaja akina mama kama ishirini, khanga sare, mmoja ana ngoma, mwingine sinia. Wakamtoa mpaka kibarazani. Wakamsimamisha aliyesemwa, wakawasimamisha mashahidi, kisha likaulizwa swali ambalo tuliliigiza watoto wote mwezi mzima uliofuata: "Ulisema, hukusema?"

Sikutaka kuikumbuka siku hiyo kwa uzuri, na sitaipamba. Mwanamke yule alilia, na kabla mwaka haujaisha alikuwa ameshahama. Hata hivyo nimeirudia kichwani mara nyingi wiki hizi kwa sababu ya lugha. Hatia, kwetu, ni neno la mahakamani. Mtu hukutwa nayo na hakimu. Hakuna anayesimama Mwanga akasema ana hisia za hatia. Tunasema: nafsi inanisuta.

Kitenzi ni kilekile cha kibarazani.

Yaani ndani yangu kuna mwanamke mwenye sinia. Amekuja na shahidi, na ana swali, na swali lina kitu mahususi ndani yake. Ulisema, hukusema? Ulikwenda msibani, hukwenda? Anayesutwa bado ana umbo, ndiyo maana anaulizwa na anangojewa ajibu. Wanawake wa khanga sare, pamoja na ukali wao wote, walikwenda na mtuhumiwa mbele yao, jambo mkononi, na nafasi ya kukanusha. Status yangu haikuwa na swali. Ilikuwa na picha na neno moja. Haikumsuta yule kaka. Ilimuumbua.

Hapo ningeweza kumaliza kwa kuitukana aibu, na makala nyingi nilizosoma zinafanya hivyo. Sikubaliani nazo moja kwa moja. Daniel Sznycer na wenzake, mwaka 2018, waliwauliza watu wa jamii 15 ndogo kutoka pembe mbalimbali za dunia kuhusu mambo ya kuaibisha. Kiasi cha aibu aliyosema mtu angeiona kilikwenda sambamba na kiasi ambacho majirani zake wangemshusha thamani kwa jambo lilelile. Aibu, kumbe, inapima. Ni mizani ya dukani iliyotegwa ndani ya kifua, inakuambia bei ya jambo kabla hujalifanya.

Mali kauli isingekuwepo bila mizani hiyo. Bibi hakunipa madumu 6 kwa sababu ya nafsi yangu ya ndani, ambayo haioni. Hakuniandikisha mkataba wala kuniomba kitambulisho. Alinipa kwa kuwa aliamini ninaona haya. Na haya kwetu ni sifa, hata mafundisho ya dini yanaihesabu katika imani. Mkosa haya ndiye mtu wa kuogopwa. Sasa ikawaje haya ileile iliyonipatia mzigo ndiyo iliyonizuia kwenda kusema mzigo umepotea?

Sina jibu safi. Nadhani haya hutangulia jambo na aibu hulifuata, na mimi niliikosa ya mbele nikajaa ya nyuma. Lakini nikilisema hivyo linasikika zuri kuliko lilivyo.

## Kwa bibi

Nilikwenda Alhamisi, baada ya alasiri, na 40,000 kwenye bahasha ya duka. Njiani nilitunga hotuba. Kwamba mimi ni mtu wa hovyo. Kwamba sistahili hata kukanyaga uwanja wake. Niliifanyia mazoezi kwenye daladala, na nilipofika ilinitoka kama maji, pamoja na machozi.

"Shikamoo bibi..."

"Marahaba." Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Hakuinua kichwa.

Nikasema yote. Mimi ni mbaya, mimi sina maana, bibi nitupe. Akaniacha mpaka nikapungukiwa na pumzi.

"Umemaliza? Machozi hayo nitayauza lita shilingi ngapi?" Akapuliza makapi. "Kaa. Unanizibia mwanga."

Nikakaa kwenye mkeka.

"Mimi nilidhani umekufa," akasema. "Nikauliza mpaka kwa wapagazi wa stesheni. Nikaambiwa mzima, anauza madaftari. Dada yangu tumemzika, nikatazama huku na huku. Wewe si ulikuwa unakula kwake wakati unasoma?"

Ndiyo. Nilikuwa ninakula kwake.

Hakulirudia hilo tena. Ningependa angelirudia, angepiga kelele, ili mimi nipate kulia zaidi. Badala yake akauliza hesabu. Madumu mangapi? Sita. Nani alipokea? Fulani, Tabora. Lini? Nikataja mwezi.

"Na hakukutumia hata senti?"

Hapa sina budi kurudi nyuma, kwa sababu nimewadanganya hata ninyi mnaosoma. Nilisema alipokea, akasifu, akazima simu. Katikati kuna jambo nililoliruka. Wiki ya pili alinitumia 140,000, bei ya Tabora ya madumu 2. Ilikuwa Januari. Nikalipa ada ya mkubwa, nikaongeza mzigo wa madaftari, nikajiambia nitamlipa bibi yote kwa pamoja yakifika malipo ya manne yaliyobaki. Hayakufika. Na kadiri nilivyochelewa, zile 140,000 zikafifia kwenye simulizi yangu mpaka zikafutika. Mume wangu mwenyewe alikuwa hajui.

Miezi minane nimejiita mbaya, mjinga, wa hovyo, mchana na usiku, na kumbe yale matusi yote yalikuwa pazia. Kusema "mimi ni mtu mbaya" kulikuwa rahisi. Unalia, mtu anakubembeleza, yanaisha. Kusema "nilikula 120,000 zako, bibi, nikanunulia madaftari" hakuna wa kukubembeleza.

Ulikula, hukula?

"Alituma laki na arobaini," nikasema. "Nilizitumia."

Akaweka ungo chini. Kwa mara ya kwanza akanitazama, na mabega yangu yalifanya kile walichofanya wacheza judo.

"Enhe," akasema. "Sasa ndiyo tunaongea."

Alimwita mjukuu alete daftari. Akamwamuru aandike: madumu 6, zimeingia 40,000, zimebaki 320,000, tarehe 28 kila mwezi 40,000. Mjukuu alikuwa darasa la tano na mwandiko wake ulinisuta peke yake, maana daftari lilikuwa la dukani kwangu. Bibi hasomi vizuri siku hizi, macho, lakini aliligeuza akanipa nisome kwa sauti. Nikasoma. Akasema nirudie mstari wa tarehe.

Hakusema amenisamehe. Sikuuliza. Nilipoaga akanielekeza kaburi la dada yake liko upande gani, akasema nikienda nisiende usiku kama mwizi.

## Tarehe 28

Status hujifuta yenyewe baada ya saa 24. Ya kwenye grupu ilikuwa imeshapita muda wa kufutika, kwa hiyo niliandika chini yake: jamani, huyu ndugu alinilipa madumu 2, ninamdai 4, kumwita tapeli na kuweka picha yake nilikosea, na la baba yake halikuwa letu. Kimya. Mtu mmoja akaweka dole gumba. Yule wa Tabora nilimtumia maneno hayohayo kwake binafsi, na zaidi kidogo. Bado anazo pesa zangu na bado ninazitaka. Hilo nalo nilimwandikia. Tiki moja mpaka leo.

Kaburini nilikwenda asubuhi. Sitaandika habari za huko.

Mwezi uliofuata nilirudi Mwanga siku ya Jumamosi, makusudi. Masikio yaliwaka hata kabla sijauona mtandio. Nilipouona, mguu wa kulia ukaanza kukata kuelekea meza za ndala, kweli kabisa, nikaushikilia pale kama mtoto anayetaka kukimbilia barabarani. Watu wakanipita huku na huku. Muuza mawese aliniona, akatabasamu, akanyanyua kipimo chake cha nusu lita.

Bibi akafika. Nikaamkia.

"Leo tarehe ngapi?" akaniuliza, badala ya marahaba.

"Ishirini na tano, bibi."

Akahesabu kwa vidole, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu.

"Haya," akasema, akaendelea na safari yake.